Chekechea ya mtaa: tuchange, au tuidai serikali?

Mwanapasua (mleta mada)

Wadau wa Moshi, hasa wa Pasua, Njoro na Majengo, naomba mawazo yenu. Kwenye mkutano wa mtaa wetu limeletwa pendekezo kwamba kila kaya ichange sh. 1,000 kwa wiki, tufungue chekechea kwenye ukumbi uliokaa bure karibu na ofisi ya mtaa. Fedha itamlipa mlezi na msaidizi wake, inayobaki inunue unga wa uji. Waliopiga makofi wengi, walionyanyuka na kuondoka nao wengi. Wanaopinga wanasema ada ilifutwa tangu Januari 2016, kuanzia awali hadi kidato cha nne, kwa hiyo huu mchango ni ada iliyobadilishwa jina.

Msimamo wangu nautoa mapema nisije nikaambiwa nauma na kupuliza. Tuchange, ila tusichangie darasa. Darasa la awali lipo shule ya msingi na ni wajibu wa serikali. Kinachotukosesha usingizi huku ni saa. Mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi jua linazama. Watoto wa awali ikifika saa tano hivi wameshaachiwa. Baada ya hapo mtoto yuko na nani? Na dada yake wa darasa la tatu, aliyebakizwa nyumbani, au yuko barabarani na bodaboda zinapita. Wa miaka mitatu ndiyo kabisa, hana hata hizo saa chache, maana awali ni mwaka mmoja na inamsubiri afike mitano.

Tukinunua saa na uji, fedha imekwenda panapouma. Tukimlipa mtu kusomesha a-e-i-o-u, tumejitwisha mzigo wa mwingine na hakuna atakayekuja kututua.

Karibuni. Matusi hapana.

Dereva wa Njoro

Aisee mimi sina mtoto. Elfu moja kwa wiki ni sh. 52,000 kwa mwaka, hapo natoa tairi la nyuma na chenji inabaki. Kuna mwaka tulichangishwa za taa za barabarani, mpaka leo tunamulika kwa simu. Aliyezaa alee.

Mama Mbuyuni

Kaka Njoro, nani alikulea wewe?

Mimi ndiye huyo wa saa kumi na moja. Mwanangu namwacha kwa jirani, namlipa sh. 1,000 kwa siku. Yule mama ana watoto kumi na kitu kwenye chumba kimoja na kibaraza, jiko la mkaa liko mlangoni. Simsemi vibaya, anajitahidi, mchana anawapa ugali na maharage kutoka kwenye sufuria yake mwenyewe. Siku mkungu haujatoka sina ya kumpa, basi nakwenda na mtoto sokoni, analala juu ya viroba chini ya meza. Kwa hiyo elfu moja kwa WIKI kwangu ni nafuu.

Ila nina swali. Nikikosa wiki mbili, mwanangu atarudishwa? Maana hapo ndipo tunaposhindwanaga.

Mwalimu wa awali

Nafundisha awali shule ya serikali, siitaji kwa jina. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi wangu wamepita mia. Wanakaa chini kwa mafungu, wengine nawajua kwa nguo kabla ya majina. Kwa hiyo msiseme tu "darasa lipo". Lipo, ndiyo.

Mwanapasua, sikubaliani na wewe mahali pamoja. Umetenga malezi huku na kusoma kule. Mtoto wa miaka mitatu anayepanga vizibo vya soda kwa rangi, anayesimuliwa hadithi ya sungura na kuulizwa "kisha ikawaje?", huyo anasoma tayari. Akija kwangu namjua siku ya kwanza. Anaomba ruhusa kwenda chooni, anamaliza sentensi. Aliyeshinda peke yake miaka miwili ananiangalia tu, na mwaka mzima unaisha tukiwa bado tunazoeana. Huyo hakukosa herufi. Alikosa mtu wa kuongea naye. Ninachokiogopa ni wazazi wetu. Wasipoona daftari wanasema hasomi, mwisho mlezi anamshikisha penseli mtoto wa miaka mitatu ili awaridhishe wakubwa.

Jingine, kituo hakifunguliwi kwa makofi ya mkutano. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana viko chini ya Ustawi wa Jamii kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, lazima kisajiliwe. Huo ukumbi una uzio? Una choo cha kimo cha mtoto? Nakumbuka una kile kimoja cha shimo nyuma.

Mzee wa Kibosho

Vijana mnaongea kana kwamba kuchanga kumeanza juzi. Huku mlimani tangu enzi za KNCU, ule ushirika wa kahawa wa 1933, kahawa imesomesha watu. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, mwanamume anabeba mawe, mwanamke anapandisha maji kutoka mtoni, na hakuna aliyeulizwa ana mtoto au hana. Wengine waliobeba mawe walikuwa hawajaoa. Tungekaa kusubiri serikali, mpaka leo tungekuwa tunasubiri.

Mwanapasua

Shikamoo mzee. Nakuheshimu, lakini hapo naona tofauti mbili. Kule mtu alikuwa na kihamba, shamba la ukoo wake, miaka kumi mbele unamkuta palepale. Pasua wengi ni wapangaji, mwezi ujao kahamia Arusha. Pia msaragambo ulijenga jengo, na jengo likishasimama halidai mshahara. Mlezi anadai kila mwisho wa mwezi, hata mwezi wa Januari ambao sisi wote tumekauka.

Mzaliwa wa Unguja

Mie niko Moshi kikazi. Kwetu Zanzibar chekechea za madrasa zipo tangu 1990, mpango ulioanzia Mombasa 1986 kwa msaada wa Aga Khan. Mtaa hutoa jengo na kuchagua kamati, wasichana wa hapohapo hufundishwa kazi, watoto huchezea vitu vilivyotengenezwa kwa vifuu, mbegu na maboksi. Dada yangu kasomesha huko. Vilivyomchosha si watoto, ni malipo. Mwalimu akishaiva, skuli ya kulipia inamchukua, mtaa unaanza na mwengine. Kwa hiyo mkiandika bajeti, mshahara uwe wa kwanza, rangi ya ukuta iwe ya mwisho.

Dereva wa Njoro

Halmashauri si wana ile asilimia 10 ya mapato yao ya kuwapa vikundi? Nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Kwa nini tunakamuana sisi kwa sisi?

Mwanapasua

Ule ni mkopo, unarudishwa. Huwezi kulipia uji kwa mkopo, uji ukishanywewa umekwisha. Ila umenifumbua macho kitu kimoja. Kikundi cha akina mama kinaweza kuomba kwa ajili ya vitu vinavyokaa, magodoro, masufuria, uzio.

Mama Mbuyuni

Basi mnipe nafasi niseme lililonikaa. Kwa nini tutafute mlezi mpya? Yule jirani yangu na wenzake wawili ninaowajua wanalea watoto wetu miaka yote bila kuchangiwa hata kijiko. Wapeni hao huo ukumbi. Wafundishwe, wasajiliwe, jiko litoke mlangoni. Mkileta msichana mwenye cheti kutoka mbali, hao mmewanyang'anya riziki, na saa kumi na moja alfajiri huyo wa cheti hatakuwepo.

Mwalimu wa awali

Hilo nalipigia kura. Jumamosi mbili kwa mwezi naweza kukaa nao, bure.

Mwanapasua

Mama Mbuyuni, hoja yako naipeleka mkutanoni Jumapili kama ilivyo. Kuhusu aliyekosa, nitapendekeza mtoto asirudishwe hata siku moja. Deni ni la mzazi, mjumbe amfuate nyumbani. Najua kuna watakaotumia mwanya huo kutolipa, nami naona bora tudanganywe na wachache kuliko mtoto kusimama getini. Kaya zilizo kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zisidaiwe kabisa. Mzee wa Kibosho najua hili la mwisho hutalipenda.

Mzee wa Kibosho

Silipendi. Hata maskini alibeba jiwe. Asitoe fedha, aje afagie.

Dereva wa Njoro

Daftari la mapato na matumizi likibandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi, mimi natoa mia tano. Elfu sitoi.

Mwanapasua

Mia tano inapokelewa.

Mwalimu wa awali

Na choo? Habari ya choo mbona hamjanijibu?