Mtama uliobanana: masuke mengi, punje nyepesi

Swali
Wakulima wenzangu, shikamooni wakubwa. Msimu huu nilipanda mtama kwa mistari ya sentimita 60, miche ikakaa kama sentimita 8 kwenye mstari. Sikuipunguza. Nilimwonea huruma kila mche uliokwisha kuota. Mistari mitano tu ya pembeni niliipunguzia hadi sentimita 20. Mvua ikakatika masuke yakianza kujaza. Sehemu iliyobanana ilitoa masuke mengi, madogo kama kidole gumba, na nilipopepeta punje nyingi zilipeperuka na makapi. Ile mistari mitano ilinipa masuke mazito, lakini mengine yalichelewa kukomaa. Nipande kwa nafasi gani?

Jibu
Marahaba. Piga hesabu: 60 kwa 8 ni kama miche 208,000 kwa hekta, 60 kwa 20 ni kama 83,000. Maji ya udongoni ni yale yale. Mtama hupanga idadi ya punje kabla ya kuchanua, uzito wake unakuja baadaye. Miche yako iliyobanana ilimaliza maji ikikuza majani, ilipofika kujaza ikakuta pakavu. Mashina hayakulala?

Muuliza swali
Yalilala, mengi tu! Nimepasua moja sasa hivi: ndani zimebaki nyuzi, na vidoa vyeusi kama vumbi la mkaa.

Jibu
Huo ni uozo mkaa, ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina. Hupenda mmea uliokosa maji wakati wa kujaza punje, na msongamano huuzidishia kiu. Msimu ujao usirudishe mtama hapo.

Jibu jingine
Hayo masuke yaliyochelewa ni ya machipukizi. Mtama ukipata nafasi huchipua pembeni, ndiyo maana shamba lenye mapengo halikuangushi sana. Lakini yavune peke yake. Ukichanganya mabichi na makavu ghalani utapata ukungu. Anika hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 12 au 13.

Kwenye maji ya uhakika unaweza kubananisha kuliko hapo, ila ongeza mbolea ya naitrojeni, la sivyo punje nyingi zitagawana kidogo kilichopo na protini itashuka. Kwa mvua kama yako, mimi ningeshika 75 kwa 20, mche mmoja mmoja.

Muuliza swali
Nimeelewa. Na kupunguza nifanye lini?

Jibu
Wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, udongo ukiwa na unyevu. Ng'oa dhaifu, na usiwaonee huruma.