Naomba ushauri: niongeze SSD (diski ya kasi) na RAM (kumbukumbu ya muda) kwenye kompyuta yangu OptiPlex 7010, au nitafute yenye prosesa ya kizazi cha 8?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nina Dell OptiPlex 7010, lile kasha jembamba la SFF: i5-3470, RAM 4 GB DDR3, HDD (diski ya kawaida ya kuzunguka) 500 GB, Windows 10. Kazi zake ni Excel, kuchapa, na kukata video fupi za 1080p.

Inasuasua vibaya. Task Manager inaonyesha diski 100% hata kabla hujafungua kitu. Nimepuliza vumbi, nimebadilisha pesti ya prosesa, nimezima programu zinazojiwasha zenyewe. Joto limeshuka, uzito uko palepale. MemTest86 haikuona kosa kwenye RAM. CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, ndiyo inatoa onyo la njano, sekta mbovu zinaongezeka, kwa hiyo diski lazima itoke (data nimeshahamisha).

Bajeti ni laki tatu na nusu. SSD ya SATA 240 GB na RAM ya kufikisha 8 GB zinaenea humo, ila Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya kizazi cha 3, na Windows 10 ilifikia ukomo wa masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Fundi ananisukumia kadi ya picha; pawa saplai ni 240 W na kasha linapokea kadi za kimo kifupi (low profile) tu, sijashawishika.

Sasa, kwa hela hiyo mtumba wenye i5-8500 (prosesa ya kizazi cha 8) unapatikana hapa mjini, au nibaki na hii niweke Linux Mint (mfumo endeshi wa bure badala ya Windows)? Na kwa umeme wetu huu unaoyumba, kuna aliyetumia UPS (betri ya akiba) ndogo ya 650 VA na hizi Dell bila mashine kuzima pale umeme unapokatika?