Sikukopa mimi ila aplikesheni ya mikopo imenianika kwenye grupu, sheria gani inanilinda?

Binti Tandika
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimesoma sheria wiki nzima mpaka kichwa kinagonga. Binamu yangu alikopa laki na nusu kwenye aplikesheni moja ya mikopo, akachelewa siku nne tu, wakaanza kunipigia mimi asubuhi mpaka usiku eti ni mdhamini wake. Sijasaini popote, hiyo aplikesheni yenyewe sijawahi hata kuishusha. Juzi wakafungua grupu la WhatsApp wakatuweka mimi, mama mkubwa, mchungaji wetu na bosi wa binamu, wakatupia picha ya kitambulisho cha taifa cha binamu (NIDA) wameandika TAPELI, na chini namba zetu wote eti "washirika wake". Mama mkubwa ana presha, hajalala tangu siku hiyo.

Nimekuta Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, EPOCA (ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta) ya 2010, na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ipi inanihusu mimi ambaye sikukopa? Naanzia polisi, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) au BoT (Benki Kuu)?

Kanuni na Taratibu
Pole sana dada. Anza na hiyo ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kitu ambacho wengi hawakioni ni kwamba mwenye taarifa ni yule ambaye taarifa inamhusu, sio yule mwenye simu iliyoihifadhi. Binamu yako alivyobonyeza "ruhusu" ili aplikesheni isome namba kwenye simu yake, aliruhusu kwa niaba yake yeye, hakuwa na mamlaka ya kukubali kwa niaba yako wala ya mchungaji. Na kuseviwa namba kwenye simu ya mtu hakujawahi kumfanya mtu awe mdhamini, wasikutishe na hilo neno.

Lalamiko linaenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile Rais Samia aliyoizindua Aprili 2024. Kampuni ikitiwa hatiani kwa kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria faini inaanzia milioni 1 mpaka bilioni 5, kwa hiyo usione kama unaenda kusumbua watu kwa jambo dogo. EPOCA achana nayo kwa sasa.

Pwani Moja
Niko Mombasa, huku kwetu haya mambo yalituchosha sana. Tuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga kampuni yenye KeCredit na Faircash faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kosa lilikuwa hilo hilo, kuchukua majina na namba za watu kutoka kwa watu wengine halafu kuwatumia meseji za vitisho. Walalamikaji walikuwa watu wa kawaida tu dadangu, usiogope kuandika.

Mama Wawili
Mimi nasisitiza ushahidi maana nimeona mtu akikwama hapo. Usitoke kwenye grupu kwa hasira!! Piga skrinishoti ionyeshe namba ya aliyetuma, tarehe na saa, usikate kingo, halafu hamisha mazungumzo yote uyatunze kwenye imeili. Andika kwenye daftari kila simu wanayopiga, saa ngapi na walisema nini. Mwambie binamu asiifute aplikesheni kabla hajapiga picha ukurasa wa masharti na jina la kampuni, maana hawa wakishtuka wanabadilisha jina.

BoT Novemba 2024 walitoa orodha ya aplikesheni 69 zisizo na leseni, angalia kama yao imo, ikiwemo wapelekee na wao. Polisi nenda kwa yale matusi na vitisho, ile ya 2015 kifungu cha 23 ni unyanyasaji wa mtandaoni, faini isiyopungua milioni 5 au jela miaka isiyopungua 3. Usitoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.

Binti Tandika
Mungu awabariki. Nimeangalia, imo kwenye orodha. Skrinishoti ninazo 31, mama mkubwa nimemzimia data kwenye simu yake angalau apumzike. Swali la mwisho, naandika lalamiko moja kwa niaba ya wote?

Kanuni na Taratibu
Hapana, kila mtu aandike lake na asaini mwenyewe, kila mmoja taarifa zake zimechukuliwa. Kaa na mama mkubwa umsaidie kuandika, na mchungaji mwombe aandike hata ukurasa mmoja. La binamu nalo liwepo, deni lake halijamwondolea haki ya kitambulisho chake kutotupwa kwenye grupu.