Naomba ushauri: upungufu wa oksijeni na vimeng'enya vya antioksidanti kwenye seli za kansa ya figo

Habari zenu wakuu. Nipo kwenye utafiti wa shahada ya uzamili. Nataka kujua upungufu wa oksijeni unabadilishaje vimeng'enya viwili vya antioksidanti, katalasi na SOD2 (ile ya kwenye mitokondria), katika seli za kansa ya figo. Wenye uzoefu wa maabara naomba mnisaidie.

Kinachoniumiza kichwa ni uchaguzi wa seli. Kwa kawaida oksijeni ikiwepo, protini ya VHL huitia HIF (protini inayowasha jeni seli ikikosa oksijeni) alama ili ivunjwe. Ikipungua, HIF hubaki na kuwasha jeni zake. Lakini kansa nyingi za figo za aina ya seli angavu zimepoteza VHL. Seli za maabara ziitwazo 786-O zilitoka kwenye kansa ya namna hiyo: VHL yake haifanyi kazi, katika aina za HIF ina HIF-2α tu, nayo iko juu hata kwenye oksijeni ya kawaida. Sasa nikiziweka kwenye oksijeni ya 1%, mabadiliko nitayahusisha na nini? Nafikiria kuongeza 786-O zilizorudishiwa VHL. Caki-1, seli nyingine za kansa ya figo, zina VHL nzima, ila zilitoka kwa mgonjwa mwingine kabisa, hivyo ulinganisho naona ni dhaifu.

La pili, HIF-1α (aina nyingine ya HIF) ya Caki-1 huvunjwa ndani ya dakika chache oksijeni ikirudi. Ninyi msio na chemba ya oksijeni kidogo ya kufanyia kazi humohumo ndani, seli mnazivunaje?

Pia, kupima mRNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) pekee kunanipa wasiwasi, maana wingi wake hausemi kimeng'enya kinafanya kazi kiasi gani. Kama bajeti inaruhusu kipimo kimoja cha ziada, mngechagua kipi: kiasi cha protini au utendaji wake?