Eti Toyota Mark X ni haipakaa (hypercar), halafu mimi ndiye sijui magari!

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, simtaji, yule wa Mark X nyeupe ya ekzosi iliyokatwa. Leo pale kwa waosha magari, mbele ya watu, mbele ya dada wa chapati, kaniambia: "Tulia wewe, magari unayajulia kwenye kalenda."

Mbele ya dada wa chapati!

Kosa langu? Kasema gari lake ni haipakaa. V6 ya lita 2.5, nguvu za farasi mia mbili na kidogo, spoila imegandishwa kwa silikoni, mbwa akibweka inatingishika. Nikamwambia kistaarabu, kaka, haipakaa ni magari ya nguvu na kasi yaliyopanda hata juu ya supakaa. Bugatti Veyron ya 2005: silinda 16, tabo (turbo) nne, farasi 1,001, kilomita 407 kwa saa. Au ule utatu wa 2013, McLaren P1, Porsche 918 Spyder na LaFerrari, petroli inasaidiana na umeme. P1 walitengeneza 375 tu za kuuza dunia nzima. Mark X 375 unazihesabu kwenye foleni ya Mwenge kabla taa haijaruhusu.

Akanitazama juu mpaka chini. "Kalenda." Dada akacheka, akanifungia chapati ya jana.

Kalenda, wakuu. Mimi!

Kisiki_Mkavu: Punguza povu mkuu. Kwani hiyo Veyron umeiona wapi kama si kwenye kalenda? 😂😂

Mtoa uzi: Na wewe umetumwa.

BoltiKumi: Mbona hakuna sheria ya nani aitwe haipakaa? Wenye viwanda wenyewe wanajipachika. Koenigsegg wa Sweden walipotoa One:1 mwaka 2014, farasi 1,360 kwa kilo 1,360, haipakaa wakaliona jina dogo, wakaiita megakaa. Mwache jamaa na chake.

Mtoa uzi: One:1 ina megawati nzima ya nguvu! Yule ana megafoni. Na hamjamsikia alivyolivuta hilo neno, "kaleeenda", huku anajifuta mafuta ya chapati.

Shemeji_wa_Tabata: Sheria ipo kwenye mbio tu. Kundi la juu la mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa tangu 2021 linaitwa Hypercar kabisa, na mwaka ule walishinda Toyota na gari lao GR010. Kwa hiyo Toyota haipakaa zipo. Mtoa uzi kaombe radhi 😂

Mtoa uzi: Toyota ya Le Mans haina stika ya "Usinifuate, nami nimepotea"!!!

Kisiki_Mkavu: Nimecheka mpaka bosi kageuka.

MamaWawili: Afadhali wewe umetukanwa mchana. Mimi nina jirani na ekzosi kama hiyo, anarudi saa nane usiku, mtoto anaamka, mbwa wanaamka, mwenye nyumba anaamka. Haipakaa sijui supakaa, mwambieni apaki kwao.

BoltiKumi: @MamaWawili mwekee jiwe getini.

Njiwa_Pori: Samahani kutoka nje ya mada. Toyota IST ya cc 1,298 Dar mpaka Moro inakula lita ngapi?

Mtoa uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kanidhalilisha mbele ya dada wa chapati.

Shemeji_wa_Tabata: @Njiwa_Pori inategemea uzito wa mguu wako. Ila usipeleke gereji hovyo, mimi fundi kanifunga plagi kuukuu zilizopigwa brashi, kanichaji bei ya mpya.

Kisiki_Mkavu: Huyo fundi ana pengo la mbele, anaapa kwa mama yake?

Shemeji_wa_Tabata: Huyo huyo!!

Kisiki_Mkavu: Mimi betri yangu nzima niliiona wiki iliyofuata kwenye bajaji ya shemeji yake.

MamaWawili: Tupeni mtaa tumkwepe.

Njiwa_Pori: Basi jamani, yangu nimeiacha kwake leo asubuhi.