Mama kaja toka Tanga, nimpeleke Nachi au nimuonee huruma?

Habarini wana Japani. Mama yangu yuko hapa Nagoya kwa wiki mbili, maduka keshayachoka, anataka shamba akaone miti na maji. Nimesikia habari za maporomoko ya Nachi kule Wakayama, ambayo wenyewe wanayaabudu. Tatizo magoti yake mabovu, halafu ni mtu wa swala tano, asije akasema nimempeleka mizimuni. Mliofika mnasemaje?

---

Mdogo wangu, mpe mama shikamoo yangu. Mpeleke, ila usiende kichwa kichwa.

Toka Nagoya mnapanda treni inaitwa Nanki mpaka stesheni ya Kii-Katsuura, karibu masaa manne, kaeni siti za kushoto maana huko mbele bahari inakuja mpaka dirishani. Kama mama ana ile pasi ya watalii ya JR, kampuni kubwa ya reli, kuna kipande kabla ya Tsu ni reli ya kampuni nyingine, konda atapita kudai nyongeza, lipeni tu, mimi nilibishana behewa zima likaniangalia na kumbe kosa langu. Pale stesheni kuna basi la kupanda mlimani, nusu saa hivi. Piga picha ratiba ya kurudi kabla hamjaondoka na beba hela ya mkononi.

Watu watakwambia ushukie Daimon-zaka upande zile ngazi za kale katikati ya mierezi mikubwa. Pazuri kweli, lakini ni ngazi 267 za mawe yenye ukungu wa kijani, na juu yake zipo nyingine zaidi ya 400 mpaka hekalu kubwa, na kule mvua hainyeshi kidogo. Kwa magoti hayo sahau. Shukeni kituo cha maporomoko yenyewe, hapo ni kuteremka ngazi taratibu, mshike mkono.

Sasa kilichonishangaza mimi. Nimefika chini pale Hiro, mahali pao pa ibada penye maporomoko, nazunguka natafuta nyumba ya mungu wao siioni, naona torii tu, lile lango lao takatifu, na nyuma yake maji, nikamuuliza mzee mmoja anayeuza hirizi, akaninyooshea kidole kwenye maji. Basi! Maji ndiyo yenyewe, hakuna jengo. Mita 133 yanashuka kwa mkupuo mmoja, na ukikaza macho kule juu yanapoanzia utaona kamba imetandikwa, ile ni shimenawa, kamba yao takatifu, wanapanda kuibadilisha mara mbili kwa mwaka, Julai na Desemba. Tarehe 14 Julai msiende, ni sikukuu ya moto, mienge 12 mikubwa na umati wa watu.

Na hamna mapipa ya taka. Wife alimenya chungwa njiani, maganda tukarudi nayo mfukoni, koti langu lilinuka chungwa wiki nzima.

---

Mie wa Kilifi naongeza moja tu. Mwambie mama achukulie kama kuingia kaya kwetu, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Ukipelekwa kayani hukati hata kijiti, hupigi makelele, unafuata unavyoambiwa na wazee, na hakuna aliyekugeuza dini. Pale pia hakuna atakayemlazimisha kuinama wala kupiga makofi. Mkipita kwenye torii piteni upande mmoja, katikati wanasema ni njia ya mungu, basi, asimame aangalie maji yake.

---

Jamani tumerudi, asanteni sana. Mama pale pa kunawia, mkono wa kushoto, wa kulia, kisha kusukutua mdomo, kaangalia watu kisha kaniambia "hawa nao wana udhu wao." Tukalipa yeni 300 tukaenda kwenye jukwaa la karibu, manyunyu yanampiga usoni, kimya, mimi nikadhani kachukia, kumbe anavuta uradi. Yale maji ya kunywa wanayosema yanaongeza umri nilijua atakataa, kanywa, anasema maji ni ya Mungu haijalishi yamepitia kwa nani. Magoti yalilalamika wakati wa kupanda tu, tulipumzika mara tatu.

Katsuura tukala jodari, wanamshusha palepale bandarini, ila mbichi hakugusa, tukatafuta wa kukaanga.

Sasa swali jipya: kile kikombe kidogo cha udongo alichonywea kanunua, anataka kifike Tanga kizima, kwenye begi la mkononi au la chini?

---

La mkononi kaka, kifunge ndani ya soksi.