Mjadala: Dawa za maruweruwe zifanyiwe utafiti Nairobi, au tuzipige kufuli?

Mwanzilishi, Kayole

Wadau, tuongee bila matusi. Kaka yangu anatibiwa sonona mwaka wa sita sasa. Mwezi jana nilimsindikiza kliniki ya umma. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, tukamwona daktari saa sita na nusu mchana. Alitupa dakika saba, nilizihesabu. Kwenye dirisha la dawa tukaambiwa kidonge kimoja kimekwisha, tukanunue nje.

Huku wenzetu wanaijaribu psilosaibini, kemikali iliyo kwenye uyoga fulani ambao mtu akiula huona maruweruwe. Australia tangu Julai 2023 imewaruhusu madaktari wa akili wenye kibali maalum kuwaandikia wagonjwa ambao dawa za kawaida zimewashinda. Hapa kwetu, kwa sheria ya 1994 ya dawa za kulevya, ukikutwa nayo ni kesi. Sisemi iuzwe River Road. Nasema utafiti, ndani ya hospitali, kwa kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu na cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Anayepinga aseme sababu.

Mama Wawili, Umoja

Napinga. Chang'aa imetushinda, muguka inatafunwa hadi na watoto wa shule, sasa mnataka uyoga wa kuona mambo? Kila kitu huanza kwa jina la utafiti. Kesho utakuta unapimwa kwa kijiko pale steji.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mama Wawili, hofu yako naielewa, lakini kabati letu la dawa lina mambo. Ketamini tunayo miaka yote. Iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima, na tunaitumia kumlaza mgonjwa usingizi tukimrudishia mfupa uliovunjika. Nimeshika mikono ya watu wengi wakizinduka. Mmoja, fundi wa jua kali, aliniuliza nani amemshusha kutoka darini. Dawa hiyo hiyo ina ndugu yake wa kupuliza puani, esketamini, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2019 kwa sonona sugu. Kwa hiyo dawa ya kupindua akili tunayo tayari, na hakuna nesi anayeiuza steji.

Wasiwasi wangu mimi ni mwingine. Psilosaibini si kidonge cha kumeza ukarudi kazini. Kwenye majaribio, mgonjwa hulala kwenye chumba kilichotulia, amefunikwa macho, muziki unacheza, na mtu aliyefunzwa anakaa naye saa sita hadi nane. Mara nyingi huwa wawili. Kabla ya hapo wameongea naye siku kadhaa, na baadaye wanaongea naye tena. Mwanzilishi, umehesabu dakika saba. Hizo saa nane nitazitoa wapi, na wodini niko peke yangu na vitanda thelathini?

Mwanafunzi wa Famasia

Nesi ameligusa lenyewe. Niongeze takwimu, maana watu wanadhani ni muujiza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilikuwa na wagonjwa 233 wa sonona sugu. Baada ya wiki tatu, waliopata dozi kubwa, miligramu 25, walipata nafuu ya maana asilimia 37. Waliopewa miligramu 1, ambayo ni kama hakuna, asilimia 18. Tofauti ipo, lakini wengi wa dozi kubwa hawakufikia hapo.

Halafu kuna tatizo la kificho, yaani mgonjwa asijue amepewa dawa ya kweli au la. Dawa hii hujishika kwenye ubongo, mahali panapopokea serotonini, kemikali ya mwili inayohusika na hisia, na baada ya saa moja hivi ukuta unaanza kupumua. Aliyepewa kidonge bandia, kisicho na dawa ndani, anaona ukuta ni ukuta tu, basi anajua amekosa na moyo unamshuka. Utapimaje hapo kilichofanywa na dawa na kilichofanywa na matumaini? Hoja kama hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoiangusha MDMA, dawa nyingine ya kulevya inayobadilisha hisia, huko Marekani Agosti 2024, ilipokataliwa kuwa tiba ya kiwewe.

Mama Wawili, Umoja

Sasa kama wao wenyewe hawajajua, sisi tunakimbilia nini?

Mwanafunzi wa Famasia

Mama, ndiyo sababu tufanye wenyewe. Washiriki wa majaribio mengi ni wazungu wa Ulaya na Marekani. Mtu wa Kayole akiona marehemu nyanya yake chumbani, hiyo kwake si picha tu. Nani amelichunguza hilo?

Mwanzilishi, Kayole

Nakubali habari ya saa nane, sikuwa nimeifikiria. Tuanze basi na wagonjwa wachache, kumi hata, na manesi walipwe kwa kazi hiyo. Mimi niko tayari kumsindikiza kaka hata kesho.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ndugu yangu, kabla hujamwambia kaka. Kwenye ukoo wenu kuna aliyewahi kuchanganyikiwa? Kusikia sauti, mambo kama hayo?

Mwanzilishi, Kayole

Mjomba, ndugu yake mama, tumbo moja. Alikuwa akibishana na redio iliyozimwa.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Majaribio mengi yangemkataa kaka mlangoni. Kwa mtu wa ukoo wa namna hiyo, wanaogopa dawa itaamsha kilicholala.

Mwanzilishi, Kayole

Nimesoma. Sitamwambia. Lakini utafiti bado nautaka, hata kama yeye hatakuwemo.